UDAKTARI USIO WA SINDANO: JINSI SHAHADA YA UZAMIFU INAVYOSOMEWA

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Makala haya yanahusu udaktari, lakini usitafute sindano wala dawa ya malaria humu. Nazungumzia udaktari ule wa vyuo vikuu, yaani shahada ya tatu na ya juu kabisa, ambayo kwa Kiswahili chetu tunaiita shahada ya uzamifu. Wengine huandika uzamivu, kwa v, na pande zote mbili zina walimu wake, kwa hivyo usimkate mwenzako alama. Ngazi yenyewe ni hivi: kuna shahada ya kwanza, ambayo mtaani tunaiita digrii, kuna shahada ya uzamili, ambayo ndiyo masta, halafu ndipo uzamifu. Mimi nikilisikia neno hilo la tatu, masikio yangu hunipeleka kwenye kuzama, kama mpiga mbizi anayeshuka chini na pumzi moja kifuani. Sioni jina jingine ambalo lingeifaa kazi hiyo zaidi.

Huenda ukauliza, msichana wa Kidato cha Nne ameyatoa wapi haya? Ninaishi nayo. Mamangu mzazi ni karani katika ofisi ya usajili ya chuo kikuu kimoja cha umma, na huu ni mwaka wake wa tatu akisomea uzamifu katika elimu, upande wa elimu ya juu. Yaani anavisomea vyuo vikuu vyenyewe: nani huingia, nani hukwama njiani, nani hulipa, na nani huamua. Nyumbani kwetu meza ya chakula ina miguu minne na marundo matano ya makaratasi.

Nyanya alipopata habari kwamba bintiye amerudi shule, alimwuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, ukishakuwa daktari utatibu nini?"

Mama akamjibu, "Sitatibu, Mama. Nitafundisha."

Nyanya akatikisa kichwa, asiridhike. Kumbe Mama alikuwa amesema jambo la kale sana. Neno hilo limetoka katika Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kufundisha. Katika vyuo vya zamani vya Ulaya, kama kile cha Bologna huko Italia, daktari alikuwa mtu aliyeruhusiwa kufundisha, awe wa sheria, wa dini au wa tiba. Baadaye matabibu walilishika jina hilo kwa nguvu hata likawa kama lao peke yao. Huku kwetu lilifika likiwa tayari limevaa koti jeupe, likamkuta tabibu na mganga wakiwa kazini.

Udaktari wa utafiti, huu tunaouzungumzia, ni mtoto wa Ujerumani. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810 kwa fikira za Wilhelm von Humboldt, kilishikilia kwamba haitoshi mwalimu wa chuo kikuu kurudia yaliyokwisha kujulikana. Sharti naye atafute jambo jipya, na mwanafunzi wake atafute pamoja naye. Wamarekani waliokwenda Ujerumani kusoma wakarudi kwao na mbegu hiyo, na Chuo Kikuu cha Yale kikatoa shahada za kwanza za aina hiyo nchini Marekani mwaka 1861. Waingereza hawakuwa na haraka. Oxford iliikubali mwaka 1917, vita vikuu vikiwa bado vinanguruma.

Sasa hicho kitu kipya ni nini hasa? Wengi hudhani uzamifu ni kusoma vitabu vingi kuliko mwenye masta, kama vile mtu anavyoongeza maji kwenye pipa. La hasha. Mwenye digrii anaulizwa kama ameyaelewa waliyosema watu. Mwenye masta anaulizwa kama anaweza kuyapima na kuyatumia. Mwenye uzamifu anaulizwa swali la kutisha zaidi: umetuletea nini ambacho hakikuwapo? Jambo hilo si lazima liwe kubwa. Laweza kuwa punje moja ya mchele. Lakini iwe punje yako, na uweze kuitetea mbele ya watu wanaojua kukushinda, huku wamekukodolea macho.

Hapa Afrika Mashariki zamani aliyetaka shahada hiyo ilimlazimu kuvuka bahari. Makerere ilianza mwaka 1922, na tangu mwaka 1949 ikawa inatayarisha wanafunzi kwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Nairobi ilipata Chuo cha Kifalme cha Ufundi mwaka 1956. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 muungano huo ukavunjwa, kila nchi ikachukua chake. Mwaka uliofuata tu, 1971, Wangari Maathai akapata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza kufika hapo katika Afrika Mashariki na ya Kati. Alikuwa amechunguza anatomia ya wanyama. Kila mtu shuleni anajua kuhusu miti yake na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Udaktari wake wa kwanza, ule wa maabara, hautajwi sana, na mimi naona hiyo si haki.

Na kwa wale ambao hukata tamaa wakiona karatasi ya majaribio, nawaletea Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Alipoufanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1940, alama zake hazikutosha kumwingiza Makerere. Akafanya kazi, akapata nafasi ya kusoma Uingereza, akachukua digrii Manchester mwaka 1960, masta katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile iliyomwona hafai ikampa cheo cha profesa. Sisemi kwamba kila aliyepata alama mbaya ni Mazrui aliyefichika, maana najua kuna wenzangu watakaonionyesha aya hii nikiwakumbusha kazi ya ziada. Nasema tu kwamba yule aliyesahihisha karatasi zake hakuwa ameona mwisho wa hadithi.

Haya, nirudi kwa Mama. Kila mwaka wanafunzi wapya wanapofika, kazi yake ni kukaa dirishani na orodha ya walioitwa. Mwanafunzi akija na barua, vyeti na picha zake, Mama hutia alama kwenye jina. Muda wa kujiandikisha ukiisha orodha inafungwa. Majina yasiyo na alama hubaki pale yalipo, na karatasi inaingia faili. Alifanya hivyo miaka mingi bila kusema neno. Kisha mwaka mmoja, katika majina yasiyo na alama, akaona la msichana wa kata yetu, ambaye kanisa zima lilikuwa limemfanyia harambee na akalia kwa furaha mbele ya watu. Akajiuliza: huyu yuko wapi? Akatafuta ofisini fomu yoyote inayouliza swali hilo. Hakuna. Fomu zote zilikuwa za waliofika.

Hapo ndipo safari ilipoanzia. Alipompelekea msimamizi wake swali, lilikuwa hivi: kwa nini vijana wanaoitwa chuo kikuu hawaendi? Msimamizi akamwambia kwamba hayo ni maswali kumi yaliyojificha chini ya blanketi moja. Vijana gani? Wa kutoka wapi? Walioitwa mwaka gani? Hawakwenda kabisa, au walikwenda wakarudi? Na nani amekuambia kwamba wote wana sababu moja? Insha ya mtihani hupenda swali pana, kwa sababu mtahiniwa ana muda mfupi tu wa kuonyesha ustadi wake. Utafiti hupenda swali jembamba kama uzi wa sindano, kwa sababu ndani ya swali jembamba huwezi kujificha. Iliwachukua Mama na msimamizi miezi saba kulikondesha. Sasa linahusu vijana wa kaunti moja, wa miaka mitatu ya mtihani, waliopata C+ na zaidi, wakaitwa na chuo kimoja, na majina yao hayakutiwa alama.

Watu hushangaa kwamba vyuo vikuu navyo husomewa, kama daktari wa meno anayeketi kwenye kiti chake mwenyewe. Kwa kweli somo hili si geni. Huko Marekani, G. Stanley Hall alifundisha kozi ya elimu ya juu katika Chuo Kikuu cha Clark mwaka 1893. Lakini mtu ambaye Mama humtaja hata akipika ugali ni Martin Trow, aliyeandika mwaka 1973 kwamba vyuo vikuu hubadilika tabia kadiri vinavyopokea watu wengi. Nchi ikipeleka chuoni chini ya asilimia 15 ya vijana wake, chuo ni cha wateule. Kati ya asilimia 15 na 50, ni cha umma mkubwa. Ikipita 50, ni cha karibu watu wote. Na jambo tamu katika fikira zake ni kwamba hata maana ya kwenda chuo hugeuka njiani. Mwanzoni ni bahati ya wachache. Kisha inakuwa haki, na mtu akinyimwa hulalamika. Mwishowe inakuwa kama lazima, na asiyekwenda ndiye anayetakiwa kujieleza.

Hebu sasa tazameni Kenya kwa miwani hiyo. Baada ya chuo kimoja cha Nairobi vilifuata Moi mwaka 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987, Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia 1994, na vingine vingi. Watahiniwa wa KCSE waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929 mwaka 2016. Mwaka 2024 walikuwa 246,391, yapata robo ya watahiniwa wote. Pesa nazo zilikuwa na safari yake, na hiyo haikuelekea juu. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vya humu nchini ilianza miaka ya 1970. Waraka wa serikali wa mwaka 1988 ukasema wazazi wachangie gharama. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa pili kwa wanaojilipia wenyewe. Mwaka 2023 ukaja utaratibu mwingine wa ufadhili na mikopo kwa vikundi vya mahitaji, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba unakiuka Katiba, kisha kesi ikapanda Mahakama ya Rufani. Katika nyumba zetu, mpendwa msomaji, tunafikiri kama watu wa hatua ya tatu ya Trow. Mtoto asipoenda chuo, majirani wanataka maelezo. Mifuko yetu, lo, bado iko hatua ya kwanza. Ni mimi nasema hivyo, si Mama. Yeye angesema ningoje ushahidi.

Hatua za masomo yenyewe nitazipitia haraka, maana zinachosha hata kuzisikiliza. Ukiwa na masta unaomba nafasi na kupewa wasimamizi. Unaandika pendekezo la utafiti: swali lako, waliokutangulia walisema nini, pengo liko wapi, na utalizibaje. Pendekezo unalitetea idarani na unarudishiwa likiwa limejaa wino. Likipita, unaomba idhini ya kamati ya maadili, na kibali cha utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Ndipo unakwenda nyanjani, unakusanya, unachambua, unaandika tasnifu. Ukiwa njiani unatakiwa uwe umechapisha makala katika majarida ambayo wataalamu wengine huyapitia kwanza. Tasnifu inasomwa na watahini, mmoja wao akiwa wa nje ya chuo chako, na siku ya kuitetea unaketi peke yako upande mmoja wa meza. Ukishinda, bado kuna masahihisho. Halafu Seneti, halafu joho. Baba huuliza kila Desemba, "Sasa zimebaki kurasa ngapi?" Mama hajawahi kumpa hesabu.

Sehemu hii inayofuata ndiyo iliyonifanya niione kazi ya Mama kuwa kazi ya chama chetu pia. Tasnifu yake inaandikwa kwa Kiingereza. Wanaosomea Kiswahili huandika zao kwa Kiswahili, na hilo latupasa kulionea fahari, lakini Mama yuko idara nyingine. Watu atakaowahoji, hata hivyo, wengi watapenda kuzungumza Kiswahili, hasa wazazi. Kwa hivyo maswali sharti yatafsiriwe. Utaratibu ni kwamba mtu mmoja anatafsiri kuja Kiswahili, kisha mtu mwingine ambaye hajayaona maswali ya asili anaichukua tafsiri hiyo na kuirudisha katika Kiingereza. Halafu maandishi mawili ya Kiingereza yanawekwa ubavu kwa ubavu. Yakitofautiana, ujue kuna mahali maana imevuja. Mama aliniomba nimsaidie zamu ya kwanza, na mwalimu mmoja jirani yetu akaichukua ya pili.

Neno la kwanza kutupiga mwereka lilikuwa lile la mwanafunzi anayetoka chuoni kabla ya kumaliza. Waingereza humsema kama tunda lililodondoka mtini: limedondoka, basi. Kamusi inatupa "kuacha masomo". Lakini wanachama, kumbukeni somo la kauli za vitenzi! Aliyeacha ndiye mtenda. Ukimwuliza mzazi, "Kwa nini mtoto wako aliacha masomo?" umekwisha kumhukumu mtoto kabla hajafungua kinywa. Ukisema "aliachishwa", kuna mtu mwingine nyuma yake, na mzazi atadhani unamwuliza kama ni yeye. Ukisema "masomo yalikatizwa", mtenda ametoweka kabisa, kama mwizi aliyepitia dirishani. "Alikatiza masomo" inamrudisha mtenda, ila ina matumaini kidogo, kwa kuwa kilichokatizwa chaweza kuungwa. Tulikaa na vitenzi hivyo mpaka stima ikapotea, tukaendelea kwa mshumaa.

Mwishowe Mama aliamua swali lisiwe na kitenzi chochote cha namna hiyo. Sasa linasema: "Tueleze ilivyokuwa nyumbani baada ya barua ya kuitwa chuoni kufika." Mhojiwa mwenyewe ndiye atakayechagua kauli. Akisema "niliacha", Mama ataandika hivyo. Akisema "niliachishwa", ataandika hivyo pia, na ile kauli aliyoichagua itakuwa sehemu ya jibu lake. Nimesoma kauli za vitenzi tangu darasa la sita, nikazijazia nafasi zilizoachwa wazi mara mia moja. Sikuwahi kuziona zikiamua nani wa kulaumiwa.

Swali la mapato nalo lilikuwa na mitego. Ukiuliza "Mapato ya familia ni kiasi gani?" mtu wa kwetu atataja mshahara, na kama hana mshahara atasema hana mapato, ilhali kuna maziwa yanayouzwa kila asubuhi, mahindi ya Desemba, na shangazi aliye Mombasa anayetuma pesa kwa simu. Tukaandika: "Nyumbani pesa hutoka wapi, na miezi gani hukosekana?" Mimi nalipenda swali hili kuliko yote. Mtu yeyote aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo anajua kwamba shida ya pesa ina tarehe zake.

Tafsiri ya jirani iliporudi, tulikuta neno "ndugu" limegeuka kuwa kaka peke yake. Dada wote wa kaunti nzima walikuwa wamefutwa kwa neno moja. Kulikuwa na swali jingine lililouliza kama kijana ni wa kwanza katika familia yao kwenda chuo kikuu. Kwa wenye swali, familia ni baba, mama na watoto wao. Kwetu sisi, mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yangu kabisa, na kama alisoma Maseno nitajibu kwa majivuno kwamba mimi si wa kwanza, hata kama hajawahi kukanyaga kwetu tangu apate kazi. Mama akalibadilisha: "Je, kulikuwa na mtu wa karibu mliyeweza kumwuliza mambo ya chuo?" Msimamizi alilipenda. Alisema huenda swali la kwanza lilikuwa linakitafuta kitu hicho hicho bila kujua kukiita.

Msije mkadhani ni maneno matamu tu. Karo ya Mama na karo yangu hutoka mfuko mmoja, na mfuko wenyewe una mkopo wa chama cha akiba. Mama huamka saa kumi usiku, huandika mpaka saa kumi na mbili, kisha huenda kazini. Kuna mihula ambayo yeye alisimamisha usajili wake ili mimi nirudi shuleni na salio lililopungua. Hakuna aliyenilaumu kwa hilo, ila nilikiona kile kibarua cha kuahirisha masomo juu ya meza, kimetiwa sahihi. Naye akapoteza mwaka.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia watu wakiutania udaktari kwamba siku hizi hununuliwa kama njugu. Ubishi huo una chanzo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyowataka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu, nao wakapewa miaka mitano. Vyuo vikawa na haraka. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha umma kilitoa shahada 118 za uzamifu katika mahafali moja, na Tume ikaanzisha uchunguzi, maana watu waliuliza wasimamizi wa kuwatosha wote hao walitoka wapi. Walikuwa na haki ya kuuliza. Msimamizi mmoja akibeba wanafunzi wengi kupita kiasi, nani atakayemwambia karani wa ofisi ya usajili kwamba swali lake ni maswali kumi? Nani atakayekaa miezi saba akilikondesha? Haraka haraka haina baraka, na hapa hasara haimwangukii mwenye joho peke yake. Humwangukia pia yule atakayefundishwa naye, ambaye huenda ni mimi au wewe mwaka ujao.

Kwa sasa pendekezo la Mama limepita na anangojea kibali. Kikitoka, mahojiano yataanza likizo ya Agosti. Majina ya wahojiwa yatabadilishwa, na kila mmoja ataelezwa kwamba ana ruhusa ya kukataa au kuondoka katikati. Nimekwisha kuambiwa kwamba sitasikiliza chochote, hata kama ni sauti ya mtu wa kata yetu ninayemfahamu. Nilijaribu kubembeleza. Sikufaulu.

Limebaki jambo moja lisilokwisha, nalo ni swali la 14, la mwisho katika karatasi. Linasema: "Je, bado ungependa kwenda?" Msimamizi mmoja anataka liondolewe. Anasema ukimwuliza hivyo mtu ambaye amekaa nyumbani miaka minne, atadhani umemletea nafasi, na wewe huna nafasi mfukoni, una kalamu tu. Msimamizi wa pili anasema kumwuliza mtu yote hayo kuhusu karo, wazazi na barua, kisha usimwulize anachotaka sasa, ni kumfanya kama maiti anayechunguzwa. Mama anaona wote wawili wana haki. Amependekeza liulizwe kwa namna nyingine, isiyoahidi kitu lakini isiyomfungia mtu mlango, na amenipa mimi kazi ya kutafuta Kiswahili chake. Nimejaribu "Leo ukiikumbuka ile barua, moyo unakuambia nini?" Akasema hiyo ni ya taarabu. Nimejaribu "Una mipango gani kuhusu masomo?" Akasema hiyo ni ya afisa wa elimu.

Mwanachama aliye na maneno bora zaidi ayaandike kwenye karatasi, ayatie katika sanduku la chama lililo mlangoni pa maktaba, kabla ya kufunga shule. Karatasi ya maswali bado ina nafasi tupu mbele ya namba 14, na Mama anaweka alama kwa kalamu ya risasi.